Msaidizi wa Kompyuta na Dirisha Lisilo Lake

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ofisi nyingi za shule zetu siku hizi ameingia mgeni wa aina hiyo. Huyu ni msaidizi anayekaa ndani ya programu za kompyuta, ambaye ukimwita kwa kubofya kitufe kimoja hukuandikia barua, hukufupishia kumbukumbu za mkutano na hukunyooshea sentensi iliyokwenda upogo. Walimu wengi wamepona kwa ujio wake, na mimi ni mmoja wao. Hata hivyo, katika muhula wa pili wa mwaka 2025 niliitwa kumtengeneza msaidizi mmoja aliyekuwa akifunguka katika dirisha lisilo lake, na niliyoyaona huko yamenifanya nishike kalamu niwaandikie walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika kaunti ya Migori. Ujuzi wangu wa kompyuta sikuupata chuoni. Nilianza kazi katika enzi ya taipureta na stensili, wakati mtihani wa shule ulipopigwa chapa kwa kishindo, kisha ukarudufiwa kwa mashine iliyotupaka wino hadi viwikoni. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa shuleni kwetu, mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo wa chumba chake. Sikupewa kwa sababu nilijua kuitumia, bali kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko walimu wote. Tangu siku hiyo, kifaa chochote chenye waya kikigoma, huitwa mimi.

Basi Ijumaa moja jioni nikapigiwa simu na naibu wa mwalimu mkuu wa shule moja ya upili ya wasichana katika kaunti ya Homa Bay. Tulisomea ualimu pamoja, na kwa miaka yote hiyo yeye huniita Mwalimu nami humwita Madam, kama ilivyo desturi ya vyumba vya walimu nchini Kenya.

"Mwalimu," akasema baada ya salamu, "msaidizi wa kompyuta yangu ananichanganya. Nikimwita hapa, anaitikia kule. Nakuomba uje kesho, tafadhali. Jambo lenyewe si dogo."

Kulipopambazuka nikapanda matatu mjini Migori. Tukapita Awendo, kwenye mashamba ya miwa yanayolisha kiwanda cha sukari, tukafika Rongo. Hapo nikabadilisha gari, nikaiacha barabara iendayo Kisii, nikateremka kwa njia ya Rodi Kopany mpaka Homa Bay, mahali ambapo ziwa hukukaribisha na mlima wa Asego umesimama kando ya mji kama mlinzi. Njiani nilikuwa nikiwaza kwamba ni hitilafu ya dakika kumi. Katika hilo sikukosea. Nilikosea kudhani kwamba hitilafu hiyo ndiyo iliyokuwa shida yenyewe.

Nilimkuta Madam peke yake ofisini. Hakuanza na kompyuta. Alifungua mtoto wa meza, akatoa barua iliyokunjwa mara nne na kunukia omena, akanipa niisome.

Ilikuwa barua ya kumpendekeza mwanafunzi wa kidato cha tatu apewe basari. Msichana huyo ni yatima, na analelewa na nyanya yake anayeuza omena ufuoni. Aya ya kwanza ilikuwa sawa. Ilitaja jina, nambari ya usajili, kidato na deni la karo. Aya ya tatu nayo ilikuwa sawa, kwa kuwa iliiomba kamati imtazame mtoto huyu kwa jicho la huruma. Balaa lilikuwa katika aya ya pili. Humo barua ilisema kwamba mwanafunzi ni mwerevu na mcheshi darasani. Kisha ikaendelea, kwa Kiingereza fasaha kisicho na kosa hata moja la sarufi, kusema kwamba amefikishwa mara mbili mbele ya kamati ya nidhamu kwa kutoroka shule usiku, na kwamba kamati inafikiria kumsimamisha masomo. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya Madam na muhuri wa shule.

Hakuna neno hata moja la aya ile lililomhusu msichana yule. Lilimhusu mwenzake wa kidato hichohicho ambaye jina lake la kwanza ni kama lake. Msomaji wa mbali huenda asijue kwamba Waluo wengi humpa mtoto jina kwa kufuata wakati aliozaliwa. Msichana aliyezaliwa asubuhi huitwa Akinyi, wa mchana jua likiwa utosini ni Achieng, wa jioni ni Adhiambo na wa usiku ni Atieno. Kwa hiyo katika darasa moja la wasichana si ajabu ukiita jina moja wakaitika watatu. Jina la hawa wawili nitalificha, ila ni mojawapo ya majina ya jamii hiyo.

Ilikuwaje? Madam alinisimulia bila ya kujitetea. Jumanne kamati ya nidhamu ilikuwa imekutana, na kumbukumbu zake zilikuwa zimeonyeshwa ukutani kwa projekta. Jumatano asubuhi alifungua kompyuta na faili la kwanza kulifungua likawa hilo la kumbukumbu, kwani alitaka kulisahihisha. Kabla hajamaliza, wazazi na walezi wakaanza kufika kuomba barua za basari, maana siku ya mwisho ya kuzipeleka ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo peke yake aliandika barua 43. Kwa kila mwanafunzi alifungua rekodi yake, akamwita msaidizi amfupishie mwenendo wa mwanafunzi huyo, akanakili jibu, akalibandika katika barua, akachapisha, akatia sahihi.

Barua nyingi zilitoka salama, kwa kuwa kila jina alilotaja halikuwamo katika kumbukumbu za nidhamu, na msaidizi alijibu kwamba haoni habari zake. Madam aliona ni uzembe wa mashine, akawaandikia hao kwa mkono wake. Ilipofika zamu ya msichana huyu, msaidizi hakusema kwamba haoni. Aliliona jina, akatoa aya nzima, na aya hiyo ikaanza kwa sifa njema. Madam alisoma sentensi ya kwanza, akaridhika, akaibandika.

Aliyeisoma barua mpaka mwisho ni mtoto wa Gredi ya Saba. Nyanya hajui Kiingereza, na jioni ile alimpa mjukuu wake mdogo amsomee na kumfasiria kwa Kijaluo. Mtoto akafika kwenye aya ya pili, akanyamaza. Nyanya akamwambia aendelee. Asubuhi ya Alhamisi bibi huyo alikuwa mlangoni pa ofisi kabla ya kengele, barua imefungwa katika leso. Akaiweka mezani, akasema: "Japuonj, huyu ni mtoto wa nani?" Japuonj ni mwalimu.

Madam aliandika barua nyingine kwa mkono papo hapo, na ikafika kwa kamati kabla ya muda kwisha. Mtu angeweza kusema kwamba mambo yalikwisha salama. Hayakwisha, kama nitakavyoeleza baadaye. Kwanza niseme niliyoyafanya kwenye kompyuta, maana wapo wasomaji ambao wana hitilafu hiihii na hawajui.

Nilifungua kurasa mbili tupu. Katika ukurasa wa kwanza nikaandika neno "samaki", katika wa pili nikaandika "muwa". Nikiwa ndani ya ukurasa wa muwa nikabofya kitufe cha msaidizi. Mbele yangu hakikufunguka kitu. Chini ya kioo alama ya programu ikametameta. Niliposhikilia kitufe cha Alt na kubonyeza Tab ili nione madirisha yote yaliyo wazi, nikamkuta msaidizi amekaa kando ya ukurasa wa samaki. Nikamuuliza: waraka huu una neno gani? Akajibu bila kusita: samaki. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu alishikilia dirisha lililofunguliwa kwanza, hata nilipomwita kutoka la pili.

Hapo sharti tueleze dirisha ni nini, maana walimu wengi tunalitumia neno hili bila ya kulichungulia. Unapofungua waraka, mfumo wa kompyuta huupa dirisha, na kila dirisha hupewa nambari yake ya siri ya kulitambulisha, mithili ya nambari ya usajili ya mwanafunzi. Hata yakiwa wazi madirisha kumi, kwa wakati mmoja ni moja tu linalopokea herufi unazobonyeza kwenye kibodi. Hilo ndilo dirisha la mbele. Zamani nyaraka zote za programu moja zilikuwa zikikaa ndani ya dirisha moja kubwa. Programu ya Word iliacha utaratibu huo katika toleo la 2000, kila waraka ukapata dirisha lake, na Excel ikafuata katika toleo la 2013. Kwa hiyo programu yoyote ya pembeni inayotaka kukusaidia lazima ijue imeitwa kutoka dirisha lipi. Aliyeitunga akisahau kuuliza upya kila mara, msaidizi atabaki ameng'ang'ania nambari ya dirisha la kwanza alilolijua, hata kama wewe umehama zamani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hitilafu. Nilihifadhi kila kitu, nikafunga nyaraka zote, nikaizima programu kabisa, nikaifungua upya. Nikakuta pia kwamba programu ilikuwa na miezi mingi bila kusasishwa, kwa sababu bando za intaneti ni ghali na kompyuta huzimwa mara kazi inapokwisha. Nikatumia bando la simu yangu kuisasisha. Nikarudia jaribio. Nikiwa kwenye muwa akasema muwa, nikiwa kwenye samaki akasema samaki. Palikuwa na jambo moja zaidi. Tangu siku ya projekta, kompyuta ilikuwa bado imepangwa kana kwamba ina vioo viwili, na baadhi ya madirisha yalikuwa yakifungukia kwenye ukuta ambao haukuwapo tena. Kwenye kompyuta za Windows, ukibonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P, unaweza kuchagua picha ionekane kwenye kioo cha kompyuta pekee. Nikachagua hivyo. Kazi yote ilinichukua chini ya nusu saa, nayo sehemu kubwa ilikuwa kuungojea mtandao.

Msaidizi wa ofisi si jambo geni duniani. Wale tuliokutana na kompyuta miaka ya 1990 tunamkumbuka yule wa Office 97, kibanio cha karatasi chenye macho makubwa kilichochorwa na Mmarekani Kevan Atteberry, ambacho ukianza tu kuandika anwani na salamu kilijitokeza kikasema kwamba unaonekana unaandika barua, je, wataka msaada? Nyuma yake palikuwa na utafiti wa dhati. Mtaalamu Eric Horvitz na wenzake katika kampuni ya Microsoft walikuwa wakitafuta namna ya kukadiria, kwa hesabu za uwezekano, ni nini mtumiaji anahitaji. Kilichotiwa ndani ya programu kilikuwa sehemu tu ya utafiti huo, na watu walichoshwa na kibanio kilichouliza jambo lilelile kila siku. Mwaka 2001 toleo la Office XP likatoka kikiwa kimelazwa, na toleo la 2007 halikuwa nacho kabisa. Miaka ikapita. Kuanzia mwaka 2023 wasaidizi wakarudi kwa nguvu mpya, safari hii wakiwa na akili mnemba, na wakakaa pembeni mwa karibu kila programu ya ofisi.

Msomaji atauliza: kuna tofauti gani kati ya yule wa kale na huyu wa leo? Ipo, tena kubwa. Kibanio kilikosea kwa kukukatiza. Kosa lake ulilisikia papo hapo, ukakasirika, ukakifukuza, na barua yako ikabaki kuwa yako. Msaidizi wa leo husoma waraka, kisha huandika kwa lugha laini inayofanana na lugha yako. Akikosea, kosa lake haliji mbele yako na kubisha hodi. Linakaa ndani ya aya, limevaa nguo zako, na likitoka mlangoni lina sahihi yako na muhuri wa shule. Lau msaidizi wa Madam angaliandika upuuzi, barua isingalitoka ofisini. Iliponzwa na ufasaha.

Wapo watakaosema dawa ni kumpiga msaidizi marufuku. Sikubaliani nao. Tangu mwaka 2017, wizara ya elimu ilipoleta mfumo wa NEMIS, taarifa za wanafunzi zimekuwa zikitakiwa mtandaoni. Tume ya kuwaajiri walimu, TSC, nayo hututathmini kupitia TPAD. Alama za wanafunzi za tathmini ya shuleni hupelekwa kwa baraza la mitihani kwa njia hiyohiyo. Yote hayo yako juu ya kufundisha, na saa za siku hazikuongezwa. Naibu wa mwalimu mkuu aliye na barua 43 za kuandika kabla ya jua kutua ana haki ya kusaidiwa. Ila mwenyeji ndiye anayemwonyesha mgeni mlango, na mwenyeji asiyejua milango ya nyumba yake atamwonyesha mgeni chumba cha kulala.

Kwa hiyo nilimwachia Madam kanuni chache, nazo nazitoa hapa kwa shule yoyote.

Mosi, kabla ya kumwita msaidizi, funga kila waraka usiohusika na kazi iliyo mkononi. Usiupunguze tu ukauweka chini. Ufunge.

Pili, swali la kwanza kwa msaidizi liwe: unasoma waraka upi, na mstari wake wa kwanza unasemaje? Akitaja waraka mwingine, simama hapo.

Tatu, mwanafunzi atambuliwe kwa nambari yake ya usajili, katika jina la faili na katika swali pia. Jina huweza kuwa la watu watatu. Nambari ni ya mmoja.

Nne, kumbukumbu za nidhamu, za afya na za ushauri nasaha zisifunguliwe kamwe katika kompyuta ambayo msaidizi wake yu macho. Ikibidi zichapwe, azimwe kwanza.

Tano, kila programu inaposasishwa, au projekta inapochomolewa, fanya jaribio la samaki na muwa. Ni la dakika mbili, na hata mwanafunzi aweza kulifanya.

Sita, barua isomwe yote kwa sauti kabla ya kutiwa sahihi. Jicho huruka mistari, ulimi hauruki.

Fauka ya hayo, tukumbuke kwamba jambo hili lina sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, nayo inataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa njia inayolinda maslahi yake. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ya idhini ya wazazi wao. Ikiwa picha ina uzito huo, kumbukumbu ya nidhamu ina uzito gani? Na sheria haitauliza ni programu gani iliyofungua dirisha gani. Itauliza taarifa hizo zilikuwa mikononi mwa nani.

Swali hilo nyanya alikwisha kuliuliza kabla ya mwanasheria yeyote. Madam alipojaribu kumweleza Alhamisi ile, alitumia neno dirisa, ambalo Kijaluo kililichukua kwa Kiswahili zamani. Akamwambia kwamba kompyuta ina madirisa mengi, na kwamba msaidizi alichungulia katika dirisa la mtoto mwingine. Bibi alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Na wenye nyumba mlikuwa wapi?" Madam aliniambia kwamba hakuwa na jibu, na kwamba ndipo alipoacha kuilaumu kompyuta.

Sasa niwageukie wanafunzi. Nimefundisha miaka mingi, na nimeona jinsi tunavyowafunza kompyuta kwa kuwakaririsha vitufe: bonyeza hiki upate kile. Mwanafunzi aliyekariri vitufe husimama pale kitufe kinapokosea, akabaki kubonyeza kwa nguvu zaidi. Aliyefunzwa dirisha ni nini, faili hukaa wapi na herufi zinakwenda wapi, atajiuliza: je, niko wapi, na mashine inadhani niko wapi? Maswali hayo mawili yakipata majibu tofauti, amekwisha kuikamata hitilafu. Nawaombeni msiridhike na kitufe. Muulizeni mwalimu wenu kilicho nyuma yake, na asipojua, kitafuteni pamoja. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni yetu sisi watu wazima tunaotia sahihi mambo tusiyoyasoma, ilhali mtoto wa Gredi ya Saba, kwenye mwanga wa taa, anasoma mpaka nukta ya mwisho.

Nilisema kwamba mambo hayakwisha salama. Msichana wa kwanza alipata basari yake, ingawa haikutosheleza karo yote. Lakini katika kisa hiki wasichana ni wawili. Yule wa pili hakuomba barua yoyote. Siri yake ilitoka ofisini katika bahasha ya mwenzake, ikapita sokoni, ikasomwa kwa sauti katika nyumba ya watu asiowajua. Ijumaa asubuhi, kabla ya kunipigia simu, Madam alimwita yeye na mama yake akawaambia ukweli wote na kuomba radhi. Mama alilia. Msichana hakulia. Aliuliza swali moja tu: wameisoma watu wangapi?

Madam akamhesabia wasiohusika. Katibu wa shule aliyeitoa kwenye printa, mjukuu aliyeisoma na nyanya aliyeisikia. Watatu.

Alinisimulia hayo wakati mimi nimekwisha kuimaliza barua, nami bado nimeishika. Tukatazamana. Nilikuja kama fundi, na barua nilipewa ili nielewe tatizo, lakini fundi angaliweza kuelewa tatizo bila ya kusoma jina la mtoto. Mimi nilikuwa wa nne. Hakuna dirisha lililonipeleka huko. Tulifanya kwa mikono yetu wenyewe, watu wazima wawili wenye nia njema, saa chache baada ya mtoto yule kuuliza.

Tukaichukua barua hadi jikoni ya shule, tukaitia chini ya sufuria ya maharagwe mpaka ikawa majivu. Jumatatu Madam alimwambia msichana kwamba watu walikuwa wanne, na akamweleza wa nne ni nani. Nami kabla ya kuandika makala haya niliomba idhini ya familia zote mbili, na nimeyabadilisha yale ambayo yangeweza kuwatambulisha. Msaidizi wa kompyuta yule, kwa taarifa yako msomaji, anafanya kazi vizuri hadi leo. Anafunguka pale anapoitwa.